Mwaka wa Bango la Marigu

Zuhura alinipigia simu Jumatano alasiri, nikiwa dukani kwangu hapa Meru nikibishana na mteja aliyetaka kadi za harusi zenye maua ya aina saba. "Dada Kagendo," alisema, "Mama ametutoka asubuhi. Tumeshamzika." Yote mawili kwa pumzi moja. Nilikaa chini, na mteja naye kwa adabu akaketi, maua yake yakasahaulika. Kwetu sisi Wakristo wa miteremko hii, kutoka kifo mpaka kaburi ni wiki nzima na ushee: mikutano, kamati, chai, picha za kuchagua, wasifu wa kuandikwa na kugombaniwa. Mama Zuhura, aliyenifundisha kazi hii ya picha, alikufa baada ya sala ya alfajiri na kufikia adhuhuri alikuwa ameshalazwa. Nilimpa Zuhura pole, kisha nikaenda nyuma ya duka, nikalia nikiegemea mashine ya kukata karatasi.

Kesho yake nilikwenda Runyenjes, nyumbani kwake. Nilivua viatu mlangoni, nikaketi mkekani na wanawake wengine, nikapewa chai ya tangawizi na mandazi, na macho yangu, kwa mazoea ya kazi, yakaanza kutafuta picha yake ukutani. Kulikuwa na saa, kalenda yenye picha ya Makka na cheti cha chuo cha Zuhura. Yeye hakuwepo. Mwanamke aliyekuza sura za wafu wa tarafa nzima, kutoka ukubwa wa kitambulisho mpaka ukubwa wa mlango, hakutundika hata yake moja. Nilihisi hasira, ile ninayoihisi mteja anapofuta picha kwa uzembe. Halafu nikamsikia kabisa masikioni: "We Kagendo, acha kuchunguza kuta za watu, kunywa chai." Nikanywa. Wanawake walikuwa wakisimuliana jinsi alivyokuwa mkali, na kila mmoja alidai kuwa aligombezwa kuliko wenzake. Mimi nilijua kwamba mshindi wa mashindano hayo ni mimi.

Habari za kwetu Nkubu nitaziacha zilipo, hazina jipya. Nitasema tu kwamba nilifika Runyenjes nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kompyuta mkononi na kiburi kingi. Simu za watu wengi wakati huo zilikuwa zile tulizoziita mulika mwizi, zenye tochi lakini hazina kamera, kwa hiyo picha ilikuwa bado kitu cha karatasi, kitu cha kufungiwa sandukuni. Duka la Mama Zuhura lilikuwa karibu na soko, chumba kimoja mbele na kingine nyuma. Mbele kulikuwa na kompyuta tatu, skana moja yenye kifuniko kilichofungwa kwa gundi ya karatasi, na benchi la wateja. Nyuma kulikuwa na jiko la makaa, sufuria, mkeka wa kusalia na mito miwili. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilipita pazia na kukaa juu ya karatasi, na ninaamini kuna programu za mazishi huko Kianjokoma ambazo mpaka leo zinanukia pilau.

Kazi yetu kubwa ilikuwa hiyo, programu za mazishi. Mama Zuhura alizitengeneza kwa programu ya slaidi, ile ambayo wenzake huitumia kwenye mikutano ya ofisi. Mimi niliyetoka chuoni nilicheka. Nilimwambia kuna programu maalumu za usanifu. Aliniangalia kutoka juu ya miwani yake. "Ile ya kuandika barua, ukisogeza picha kidogo, maneno yote yanakimbia kama kuku. Hii ya slaidi ukimwambia marehemu akae kona hii, anakaa. Mimi nataka kitu inatii." Na kweli ilitii. Kila ukurasa ulikuwa slaidi moja: picha katikati, jina, miaka, msalaba kwa pembeni. Tukimaliza, tulihifadhi slaidi kama picha, tukaitia kwenye flashi, na kama familia ilitaka bango, flashi hiyo ilipelekwa Embu mjini kwa mwenye mashine kubwa. Siku yangu ya tatu nilikuwa tayari nikifanya hivyo bila kufikiri, na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana jambo unalolifanya bila kufikiri hulijui.

Nilichokipenda zaidi ni benchi. Familia zilikaa pale kwa saa nzima zikichagua picha, nasi nyuma ya kompyuta tulisikia kila kitu. "Weka ile ya Nairobi, hapo alikuwa smart." "Hapana, hiyo amelewa, angalia macho." "Amelewa wapi, ni jua!" Wajane wawili wa mzee mmoja waligombana asubuhi nzima kuhusu nani aandikwe juu, mpaka Mama Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema kwamba atawaandika ubavu kwa ubavu kwenye mstari mmoja, na asiyetaka aende akaandikiwe kwingine. Walikubali, na kabla ya kuondoka wakanywa chai kutoka kikombe kimoja. Saa saba mchana tulifunga mlango nusu na kula nyuma: Ijumaa pilau, siku nyingine njahi, yale maharagwe meusi, kwa chapati, au mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda niliopika mimi. Aliniambia mukimo wangu wa Kimeru ni mgumu kama sheria, ila hakubakisha hata mara moja.

Mzee Nyaga alikuja mwezi wa tatu, siku ya soko. Alikuwa mkulima wa chai na kahawa wa upande wa Kianjokoma, mrefu, kofia ya sufu kichwani, koti la mvua mabegani ingawa kulikuwa na jua. Alikuwa amefiwa na mkewe, Marigu. Alitoa kitabu cha nyimbo mfukoni, ndani ya kitabu kitambaa, ndani ya kitambaa picha moja ya rangi iliyofifia, ya ukubwa wa kiganja. "Ni hii peke yake," alisema. "Hakupenda kupigwa. Nataka watu waone yeye. Waone poa." Alitaka bango la kusimama kando ya jeneza, la urefu wa mtu. Niliipokea picha kwa ncha za vidole, nikaiweka kwenye skana, na yeye akasimama nyuma yangu akaangalia mwanga wa kijani ukipita chini ya kifuniko. Sura ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta alishusha pumzi.

"Sasa ameingia?" aliuliza.

"Ameingia, guka," nilijibu, yaani babu kwa lugha ya huku. "Yuko ndani."

"Hawezi potea?"

"Hapo? Hawezi."

Nilimrudishia picha yake, akaikunja tena katika kitambaa. Mazungumzo hayo nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko sala ninazozijua. Nilisema kwa wepesi, kama unavyomwambia mtu kwamba mvua haitanyesha. Nikafuta mikwaruzo kwenye picha, nikaiweka katikati ya slaidi, nikaandika jina kwa herufi za dhahabu ambazo wakati huo niliziona za kifahari. Kwenye kioo Marigu alionekana vizuri sana. Nikahifadhi slaidi kama picha, nikaipeleka, na Ijumaa jioni, kama ilivyokuwa desturi yangu ya kusafisha mashine kabla ya wiki kuisha, nikafuta kila kitu cha kazi iliyokwisha: skani, slaidi, vyote. Kompyuta zetu zilikuwa na nafasi ndogo na mimi nilijivunia usafi. Nilibakiza ile picha ya mwisho peke yake, maana ndiyo, nilidhani, iliyokuwa kazi.

Jumamosi Mama Zuhura alisema tutakwenda mazishini. Alikuwa na tabia hiyo, kwenda kuona kazi yake ikisimama mbele ya watu. Alijitanda leso yake, akasimama pembeni wakati wa nyimbo, mikono kifuani, na hakuna aliyeona ajabu. Vijana wawili wakakunjua bango wakalifunga kwenye fremu ya mbao. Nilikuwa nimejiandaa kwa sifa. Nikaona herufi za dhahabu zenye kingo za ngazi, na juu yake kitu cha rangi ya kahawia chenye vivuli viwili mahali pa macho na kimoja mahali pa mdomo. Vilikuwa viraka vya mraba, kimoja kando ya kingine. Ukirudi nyuma sana ungesema ni mwanamke. Ukiwa karibu hungesema ni nani. Watu walikuwa na heshima, walitazama chini. Mzee Nyaga alisogea mpaka pua ikakaribia kitambaa cha bango, akakaa hapo, kisha akageuka akanitafuta katikati ya umati.

"Mwari," alisema taratibu, na neno hilo ndilo wazee wa huku hutumia kumwita msichana wao, "hii mtu ni nani?"

Nilimwambia kwamba ni kosa la uchapaji, kwamba tutarekebisha, kwamba aje na ile picha yake dukani nianze upya. Wakati huo jeneza lilikuwa limeshashuka na vijana walikuwa wakipokezana majembe. Mzee alitikisa kichwa. "Ile nimempa aende nayo," akasema. "Nimeweka kwa mkono yake, ndani. Si ulisema yuko kwa kompyuta?"

Nimeona watu wengi wakikosea katika kazi hii, na mimi nikiwa wa kwanza, lakini kosa hilo la Mzee Nyaga nimelistahi kuliko yote. Alikuwa na kitu kimoja cha thamani. Akahakikishiwa kwamba sasa viko viwili. Akampa mkewe kimoja. Nani mwingine angefanya hivyo? Leo mteja angehifadhi nakala tano na kuidai ya sita. Yeye aligawana naye. Na mimi, mwenye cheti ukutani, nilikuwa nimeifuta ile nyingine jioni iliyotangulia, nikipiga mluzi.

Sikumwambia mtu kwamba nimefuta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na niliogopa macho ya Mama Zuhura kuliko nilivyoogopa dhambi. Yeye alinigombeza kwa lile bango, ndiyo, njia nzima na siku tatu zaidi. "Umefanya mtu azike mke wake mara mbili," alisema, na neno hilo lilinichoma mpaka nikakataa pilau. Lakini alidhani slaidi ipo na kwamba mimi ni mzembe tu wa kurekebisha. Mzee Nyaga naye akawa anakuja kila siku ya soko. Alikuwa akishusha ndizi zake kutoka kwa bodaboda, halafu anapita dukani na kuweka kichana kimoja kwenye benchi. Hakukaa. Aliuliza kutoka mlangoni tu, "Bado hajatoka?" Nami nasema, "Bado, guka, namshughulikia." Anasema, "Sawa, pole pole," na kwenda. Angenipigia kelele ningepona haraka zaidi. Ndizi zile tulizipika kwa nyama, na kila tonge lilinikwama.

Basi nikawa naishughulikia ile picha ya mwisho iliyobaki. Niliinoa, nikaiongezea mwanga, nikaipunguzia, nikapaka kivuli kwa mkono mahali pa kope. Nilijaribu kila kitufe. Kila nilipoikuza, viraka navyo vilikua. Mwezi wa tano nilichora macho mapya kabisa, nikayatazama, nikaona nimetengeneza mwanamke mwingine, binamu wa Marigu labda, nikamfuta kwa aibu. Jioni nilipokuwa nikifagia nilijisemea kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na asubuhi nikaendelea kuficha vilevile.

Jambo lilifunguka kupitia ratiba. Mwezi wa saba mwalimu mmoja wa shule ya karibu alitaka ratiba ya masomo ya kubandika ukutani, kubwa, na akasisitiza niipange kwa vipimo halisi vya karatasi yake. Nikaingia kwenye mpangilio wa ukurasa wa ile programu ya slaidi, mahali ambapo sikuwa nimewahi kugusa, nikaandika upana inchi thelathini. Nilipoihifadhi kama picha, kompyuta ikakaa. Ikafikiri. Nilidhani imekufa. Ilipomaliza nikafungua picha, nikaikuza mara moja, mara mbili, mara tano, na herufi zikabaki na kingo kali. Nikafungua kazi ya zamani ya mtu mwingine nikalinganisha. Hapo nikaelewa. Programu ile haikujua habari za bango. Ilijua ukubwa wa slaidi niliyoiambia, na kwa kila inchi ya slaidi ilitoa nukta zilezile chache za kujenga picha, zinazotosha kwa kioo cha kompyuta. Slaidi yetu ya kawaida ilikuwa ya inchi kumi tu. Miaka yote duka lilikuwa likitoa picha ya ukubwa wa daftari na kumpa fundi wa Embu aivute iwe shuka. Kwa vijitabu vya mkononi ilifaa. Kwa mabango, watu walikuwa wakitusamehe kwa sababu picha zao zilikuwa nyingi na huzuni yao haikutazama nukta.

Kwa hiyo sura ya Marigu haikuwa imeharibika ndani ya slaidi. Ilikuwa imelala mle nzima, na nukta zake nyingi kutoka kwenye skana. Kilichokuwa kibaya ni mlango niliomtolea. Ningepanua slaidi, ningemtoa mzima. Na slaidi hiyo nilikuwa nimeifuta. Nilijua dawa siku ileile niliyojua kwamba nimemuua mgonjwa.

Mchana huo Mama Zuhura alipakua ugali na sukuma wiki, na mimi nikaanza kulia kabla sijanawa. Nililia kwa sauti, kama mtoto. Nikamwambia yote: skani, slaidi, Ijumaa, mluzi. Nilingojea anifukuze, na begi langu nilikuwa nimeshalipanga kichwani. Aliendelea kutafuna mpaka akamaliza tonge. Akanawa mkono. Akainuka, akapanda juu ya kiti, akashusha kutoka juu ya kabati kopo kubwa la biskuti lililofungwa kwa mpira.

"Umeshamaliza kulia?" aliuliza. "Basi fungua."

Ndani zilikuwa CD, labda mia. Hazikuandikwa majina. Mama Zuhura alikumbuka watu kwa hali ya siku yao, kwa hiyo ziliandikwa kwa kalamu nene: "Karurumo, mvua kubwa." "Wajane wawili." "Padri alichelewa." Aliniambia kwamba kila Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, hunakili kazi zote za wiki na kuzitia humo, na kwamba hakuwahi kunieleza kwa sababu sikuwahi kuuliza, nilikuwa nimefika dukani kwake nikijua kila kitu. Mimi nilikuwa nafuta Ijumaa jioni. Yeye alikuwa ananakili Ijumaa mchana.

"Lakini Mama," nilisema, "nyinyi si hamweki picha za marehemu?"

"Sisi hatuweki," alijibu. "Yangu usije ukaweka, nakuambia mapema. Lakini hawa wamekuja kwangu na sura zao, wameniachia. Mimi ni nani nifute mtu? Sifuti mtu." Halafu akanipiga kofi dogo la kisogoni, la kwanza na la mwisho. "Miezi minne unakula ndizi za yule mzee na unanyamaza. Hiyo ndiyo imeniuma, si kompyuta."

Kopo hilo sasa liko kwangu Meru. Zuhura alinipa siku ile ya mkekani, akasema mama yake aliagiza. Nilipolifungua nilikuta CD zimeongezeka, na baada yake flashi zimefungwa kwa uzi, na maandishi yaleyale manene, yakitetemeka zaidi kadiri miaka ilivyosogea. Nampenda kwa ajili ya kopo hilo. Sikumwambia vya kutosha alipokuwa hai, na sasa nasema hapa, mahali ambapo hawezi kuniambia niache maneno na nikafue mapazia.

Tuliipata CD ya Marigu baada ya kupitia zaidi ya thelathini. Iliandikwa "Kianjokoma, mzee wa koti." Nikafungua slaidi, akawa pale, katikati ya herufi zangu za dhahabu. Kwa haraka yangu nikabadilisha upana peke yake, nikasahau urefu, na marehemu akawa na mashavu ya mtu aliyeumwa na nyuki. Mama Zuhura akasema "Astaghfirullah" na kushika mdomo, halafu tukacheka mpaka tukaegemeana, kicheko cha watu waliokuwa na hofu. Nikarudisha. Nikazidisha mara tatu pande zote mbili kwa pamoja, upana na urefu. Herufi za dhahabu nikaziondoa, nikaweka nyeupe za kawaida. Nikachagua aina ya picha isiyobana nukta wakati wa kuhifadhi, nikabonyeza, na tukakaa tukiangalia kile kimstari cha kusubiri kikitambaa. Kisha nikaifungua na kuikuza mpaka jicho moja likajaa kioo. Kope zilihesabika. Mama Zuhura alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwite mzee," alisema.

Lakini Mzee Nyaga hakutaka kuiona dukani. Alisema kwamba mara ya kwanza walimwona mbele za watu, na mara ya pili itakuwa mbele za watu pia. Alitaka bango jipya liwe la ibada ya kumbukumbu, mwaka ukitimia. Kwa hiyo ningengoja mpaka mwezi wa tatu. Mimi nisiyejua kungoja nilijifunza kungoja. Niliishika kazi vizuri zaidi miezi ile. Niliwauliza wateja wataiangalia picha kutoka umbali gani, nikapima slaidi kabla sijaweka hata neno moja, na sikufuta kitu. Ndizi ziliendelea kuja, ila sasa zilishuka kooni. Hofu haikuniisha. Kama bango la pili lingekataa, hakukuwa na picha nyingine popote duniani, na yule mzee alikuwa akizeeka mbele ya macho yetu, koti likimzidi mwili.

Siku ya ibada ilikuwa na jua baada ya mvua. Bango lilitundikwa kwenye ukuta wa mbao wa ghala la kahawa, likiwa limefunikwa shuka, nami nilikuwa nimebeba kamera ndogo ya duka nipige kazi yetu ikisimama. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakiponda mukimo kwenye sufuria kubwa, na nikasikia mmoja akisema, "Safari hii wametuletea nani?" na wenzake wakamnyamazisha kwa kuwa nilikuwa nikipita. Mama Zuhura alisimama kando yangu na leso yake, akanishika kiwiko, na nikahisi kwamba mkono wake nao una jasho. Mchungaji alisali. Shuka likashushwa.

Mwanamke mmoja mzee akapiga kigelegele, akasita katikati, akaanza kulia. Marigu alikuwa anatutazama. Ungeuona uzi uliolegea kwenye kola ya sweta yake. Ungeuona mstari mdogo katikati ya nyusi ambao wala mimi, kwa miezi yote ile, sikuwa nimeujali. Mzee Nyaga alisogea kama alivyosogea mara ya kwanza, pua karibu na kitambaa. Alikaa hapo muda mrefu. "Nĩ we," alisema kwa Kiembu. Ndiye. Akainua kidole akagusa ule mstari wa katikati ya nyusi, na mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka.

"Hapa alikuwa amenikasirikia," aliniambia. "Nilikuwa nimesahau, mwari. Miaka yote hiyo kwa picha ndogo sikuwa naona. Siku hiyo tulikuwa tupigwe sisi wawili. Mpiga picha alikuja Kianjokoma, sisi bado vijana. Ameningoja kutoka saa nne mpaka saa nane. Mimi nilikuwa kwa pombe ya harusi ya rafiki. Akasema sawa, nipige peke yangu, na hakuwahi kubali kupigwa tena. Hata mimi nikimbembeleza, hakubali."

Alivua kofia ya sufu, akajipangusa uso nayo, akaitia mfukoni. Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Kisha akaenda upande wa kushoto wa bango, akasimama wima bega lake likigusa bega la mkewe, akamgeukia.

"Haya," alimwambia, "nimefika."

Halafu akatazama mbele, kwangu. "Mwari, tupige."